Hoteli ya Outspan na Mji wa Nyeri

Msafiri atokaye Nairobi kwenda kaskazini huipita Thika, kisha Sagana, kisha soko kubwa la Karatina, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 150 hufika Nyeri. Mji huo umekaa mahali pa kupendeza. Upande wa kaskazini mashariki umesimama mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, na kilele chake kina kimo cha meta 5,199. Upande wa magharibi imetanda milima ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliipa jina la Aberdare. Kati ya milima hiyo miwili hewa ni ya baridi, udongo ni mwekundu, na mito haikauki. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, theluji ya Kirinyaga huonekana waziwazi hata na mtu aliyesimama kituo cha mabasi.

Pembeni mwa mji huo, juu ya bonde refu la mto Chania, ndipo ilipojengwa hoteli ya Outspan. Nyumba zake si ndefu wala si za fahari kubwa, na bustani yake ina majani mafupi na miti ya kivuli. Walakini hoteli hii ya shamba imepata kutajwa katika magazeti ya dunia nzima, na watu wametoka nchi za mbali sana kuja kuitazama. Sababu za jambo hilo ni nyingi, na si zote za furaha. Atakaye kuzijua hana budi kwanza kujua mji wenyewe ulivyoanza, kwani hoteli na mji zimekua pamoja kama ndugu wawili walionyonya ziwa moja, ijapokuwa mmoja alilala kitandani na mwingine akalala chini.

MJI ULIVYOANZA

Kabla ya Waingereza kuja, nchi hiyo ilikuwa mashamba na malisho ya Wakikuyu, na juu yake ulikuwapo msitu mnene wenye ndovu, nyati na vifaru. Mwishoni mwa mwaka wa 1902 watu wa Tetu waliushambulia msafara wa wafanyi biashara uliokuwa ukipita nchini mwao. Serikali ya Kiingereza ikapeleka askari wa King's African Rifles, na mmoja wa maofisa wao alikuwa Richard Meinertzhagen. Watu wa Tetu walipigana kwa mikuki na mishale, na askari walikuwa na bunduki. Vijiji vikachomwa moto, ng'ombe na mbuzi wakatekwa, na watu wengi wakauawa.

Vita vilipokwisha, mwezi wa Desemba mwaka huo huo, maofisa walichagua mahali karibu na kilima cha Nyeri wakajenga boma. Boma hilo ndilo lililokuwa mwanzo wa mji, na mji ukachukua jina la kilima. Baada ya askari walifika wakusanya kodi, baada ya wakusanya kodi wakafika wenye maduka wa Kihindi, kisha wamisionari wa Kikatoliki na wa Kanisa la Scotland, ambao walifungua shule na hospitali. Watu wa Nyeri walipenda elimu upesi, na wengi walioandika majina yao katika historia ya Kenya walisomea katika shule hizo.

Upande wa kaskazini, katika nyanda za kuelekea Nanyuki, ardhi ilikatwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Waafrika wakawekewa mipaka ya maeneo yao. Kijana aliyetaka kazi nje ya mpaka, tangu miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alilazimika kuvaa kipande shingoni, kilichoandikwa alama za vidole vyake na jina la bwana aliyemwajiri. Mambo hayo yasisahauliwe wakati wa kuisoma habari ya hoteli, kwa maana wageni waliokunywa chai barazani na vijana waliowaletea chai hiyo hawakuwa wameingia kwa mlango mmoja.

Nyeri ilikuwa na hoteli nyingine iliyotangulia, nayo ni White Rhino, ambapo walowezi walikuwa wakikutana kunywa na kuzungumza habari za ng'ombe na mvua. Lakini reli ilipojengwa kupitia Karatina na Kiganjo, mpaka ikafika Nanyuki mwaka wa 1930, na motokaa zilipoanza kuwa nyingi, wageni waliongezeka. Mtu mwenye akili ya biashara aliweza kuona kwamba mahali penye hewa safi, samaki wa kuvua mtoni na wanyama wa mwitu hapana budi patapata faida.

MAANA YA JINA

Mtu huyo alikuwa Mwingereza aitwaye Eric Sherbrooke Walker, aliyezaliwa mwaka wa 1887. Maisha yake yalikuwa na vituko vingi. Ujanani alikuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa ndege, akaanguka mikononi mwa Wajerumani, akajaribu mara kwa mara kutoroka kifungoni. Vita vilipokwisha, Marekani ilipiga marufuku pombe, naye Walker akajipatia fedha kwa kupeleka pombe huko kwa magendo baharini. Mwaka wa 1927 aliandika kitabu juu ya mambo hayo, lakini kwa busara hakutia jina lake la kweli, akajiita James Barbican.

Mwaka wa 1926 alimwoa Lady Bettie Feilding, binti wa mkuu wa Denbigh, na wote wawili wakaja Kenya kuanza maisha mapya. Walijenga hoteli yao juu ya bonde la Chania, ikafunguliwa mwaka wa 1928. Jina la Outspan walilitwaa kwa makaburu wa Afrika ya Kusini. Huko, mwenye gari la ng'ombe akifika mahali penye maji na majani jioni, huwafungua ng'ombe nira ili wapumzike na kula, na mahali hapo pa kufungulia nira ndipo paitwapo hivyo. Basi maana ya jina ni kituo cha kupumzikia baada ya safari ndefu.

Kwa hakika jina lilifaa. Wageni walifika wakiwa na vumbi la barabara mbaya, wakakuta maji ya moto ya kuogea, moto wa kuni chumbani, na chakula kilichopikwa vizuri. Lakini maji hayo yalikuwa yamechotwa na mtu, kuni zilikuwa zimepasuliwa na mtu, na chakula kilikuwa kimepikwa na mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Wapishi, watandika vitanda, madobi, watunza bustani na wasindikizaji wa msituni walikuwa Waafrika, wengi wao watu wa vijiji vya karibu. Wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa kawaida ya nchi nzima. Mwafrika aliweza kufanya kazi katika hoteli ya Wazungu miaka ishirini, akijua kila sahani na kila kijiko kilipo, asipate kuketi hata mara moja mezani kama mgeni.

Hata hivyo haifai kusema kwamba kazi ile haikuacha kitu. Kwa mishahara midogo ya hoteli na ya mashamba watu walilipa kodi na karo za watoto. Na wale waliosimama nyuma ya viti wakisubiri kuondoa sahani waliyasikia mazungumzo mengi ya wakubwa, wakayapima mioyoni mwao.

NYUMBA JUU YA MUGUMO

Mwaka wa 1932 Walker na mkewe walifanya jambo lililowapatia sifa kuliko hoteli yenyewe. Ndani ya msitu wa Nyandarua palikuwa na bwawa ambalo wanyama walilijia usiku kunywa maji na kuramba udongo wenye chumvi. Kando ya bwawa hilo ulikuwapo mti mkubwa sana wa mugumo. Juu ya matawi yake walijenga kijumba cha vyumba viwili, wakakiita Treetops, yaani vilele vya miti. Mwanzoni kilitumika usiku mmoja tu katika juma, siku ya Jumatano, kwa wageni wa Outspan waliotaka kukesha wakitazama wanyama chini yao.

Wageni walitoka Outspan kwa motokaa baada ya chakula cha mchana, kisha wakashuka na kuingia msituni kwa miguu. Mbele yao alitangulia mwindaji mwenye bunduki. Kando ya njia vipande vya mbao vilikuwa vimepigiliwa misumari katika miti kama ngazi, ili ndovu au kifaru akitokea ghafula kila mtu apate mahali pa kukwea. Walipofika kwenye mugumo walipanda ngazi, na tangu hapo walitakiwa wanyamaze kimya. Usiku kucha, kwa nuru ya mwezi, waliwaona ndovu, vifaru, nyati na nguruwe wa mwituni wakija kunywa. Kulipokucha walirudi Outspan kula kifungua kinywa.

Mti huo ulikuwa na maana nyingine kwa wenye nchi. Kwa Wakikuyu wa zamani mugumo haukuwa mti wa kukatwa wala wa kuchezewa. Chini yake wazee walitoa sadaka ya kondoo na kumwomba Ngai, akaaye Kirinyaga, alete mvua au aondoe maradhi. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, huko huko Tetu, ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo wa karibu na nyumbani kwao, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye elimu, aliona kwamba katazo lile lilikuwa na hekima: mizizi ya mugumo hushika udongo usiporomoke, na huyaruhusu maji ya chini kupanda juu kuwa chemchemi. Mti ulipokatwa, kijito kilikauka.

Kwa hiyo mugumo mmoja ulionekana kwa macho mawili. Mgeni aliuona kuwa mahali pazuri pa kuwekea kitanda, na mwenyeji aliuona kuwa nyumba ya sala. Hakuna dalili kwamba mgeni alikusudia dharau, ila hakuuliza.

MZEE WA MASKAUTI

Baden-Powell aliizuru Nyeri mwaka wa 1935 kumwona Walker, katibu wake wa zamani, akaipenda sana nchi hiyo. Alikuwa mzee, na moyo wake ulikuwa umechoka. Mwaka wa 1938 alirudi pamoja na mkewe Olave ili kukaa moja kwa moja, nao wakajengewa nyumba ndogo ndani ya bustani ya Outspan. Waliiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza ilikuwa ikiitwa Pax Hill, na neno Pax ni la Kilatini, maana yake amani. Basi hii ikawa Amani ya pili.

Huko Paxtu mzee huyo alipitisha siku zake kwa kuchora picha za ndege na wanyama, kuandika vitabu na barua, na kuutazama mlima. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika makaburi ya kanisa la St. Peter's mjini Nyeri. Juu ya jiwe la kaburi lake ilichorwa duara yenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti ni alama ya njia, maana yake: nimekwenda nyumbani. Olave alifariki Uingereza mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mumewe.

Tangu hapo Nyeri imekuwa kama mahali pa kuhiji kwa maskauti wa mataifa yote. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell, vijana wa Kenya wenye skafu shingoni huandamana mpaka kaburini. Paxtu nayo imehifadhiwa kuwa makumbusho madogo, na maskauti wafikao huacha beji na skafu zao kuwa kumbukumbu.

Mpangaji aliyemfuata katika nyumba hiyo alikuwa Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba-marara wala watu huko India. India ilipojitawala mwaka wa 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Nyeri. Corbett alizeeka akilinda wageni wa Treetops, akafariki mwaka wa 1955, akazikwa katika makaburi yale yale.

USIKU WA FEBRUARI 1952

Mapema mwezi wa Februari 1952 Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita, alifika Kenya pamoja na mumewe Philip. Alikuwa na umri wa miaka 25. Walikaa katika nyumba ya Sagana, ambayo Serikali ya koloni iliwapa kuwa zawadi ya arusi yao. Walker aliwakaribisha kulala Treetops usiku mmoja, na kwa ajili yao kijumba kikaongezwa vyumba, vikawa vinne.

Tarehe 5 walitembea kwa miguu katika njia ya msituni, na walipoukaribia mugumo palikuwa na ndovu karibu kabisa na ngazi. Binti mfalme akaendelea kutembea taratibu mpaka akapanda. Corbett alikesha karibu na ngazi akiwa na bunduki yake. Usiku ule ule, huko Uingereza, mfalme alifariki usingizini. Hapakuwa na simu mtini, wala mtu aliyejua. Asubuhi ya tarehe 6 Elizabeth alishuka, akarudi Sagana, na huko mchana Philip ndiye aliyempa habari za msiba. Jioni waliondoka kwa ndege kutoka Nanyuki kwenda Entebbe, na kutoka huko London.

Kwa njia hiyo jina la hoteli ya Nyeri lilienea duniani kote. Ni mara chache sana mtu kurithi kiti cha enzi akiwa juu ya mti, na kisa hicho kimewapa wenye hoteli faida kubwa kuliko tangazo lolote la kulipiwa.

MOTO MSITUNI

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, gavana alitangaza hali ya hatari. Malalamiko ya ardhi, ya mishahara na ya kutawaliwa yalikuwa yamejaa, na vijana wengi walikula kiapo na kuingia msituni. Nyeri ikawa katikati ya vita. Milima ya Nyandarua, ambayo wageni waliipenda kwa wanyama, ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, na ndege za kivita zikaitupia mabomu.

Mkubwa wa wapiganaji wa Nyandarua alikuwa Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka wa 1920, ambaye kabla ya vita alikuwa amepata kuwa mwalimu na karani. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliitia moto Treetops, na mugumo ukateketea pamoja na kijumba kilichokuwa juu yake. Kwa Walker ilikuwa hasara na huzuni. Kwa waliotia moto, nyumba ile ya starehe ndani ya msitu wao ilikuwa alama ya utawala waliotaka uondoke.

Hasara za wanavijiji zilikuwa kubwa kupita za hoteli. Tangu mwaka huo wa 1954 watu walitolewa katika nyumba zao zilizotawanyika, wakalazimishwa kujenga vijiji vya pamoja vilivyolindwa na askari, na wengi wakalazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Njaa na maradhi vikawaua watoto na wazee. Vita hivyo pia viligawanya nyumba, kwani ndugu mmoja aliweza kuwa msituni na mwingine akawa askari wa ulinzi wa kijiji. Majeraha hayo hayakupona upesi.

Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi mguuni akakamatwa karibu na ukingo wa msitu. Alishtakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola, akahukumiwa kufa, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huo huo Treetops mpya ilijengwa kwa nguzo za miti ng'ambo ya pili ya bwawa, kubwa kuliko ya kwanza.

MAKABURI MAWILI

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi huo wapiganaji waliokuwa wamebaki msituni walitoka, nywele zao zikiwa ndefu na nguo zao za ngozi, wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, na umati wa watu ukaja kuwatazama. Wengine waliwakuta wake zao na watoto wao, na wengine hawakukuta mtu wala shamba.

Mlango wa Outspan nao ulifunguka kwa watu wote. Mwafrika mwenye fedha aliweza kuketi barazani kunywa chai akiutazama mlima, na watoto wa wapishi wa zamani waliweza kuwa mameneja. Hoteli ilibadilisha wenyewe, na Walker alifariki mwaka wa 1976. Malkia Elizabeth alirudi Treetops mwaka wa 1983, akakuta mti aliopanda haupo tena.

Walakini liko jambo moja ambalo kila mwenye kuizuru Nyeri hulifikiri, asipotaka hata akitaka. Kaburi la Baden-Powell, mgeni aliyekuja kupumzika uzeeni, lina jiwe, lina ua, na hufagiwa kila siku. Kaburi la Kimathi, mtoto wa Tetu, halina alama, kwa kuwa alizikwa na wakoloni ndani ya eneo la gereza la Kamiti pasipo kuonyeshwa jamaa zake. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba miaka mingi mifupa ya mumewe itafutwe ili azikwe kwa heshima. Alifariki mwezi wa Mei 2023, nayo ilikuwa haijapatikana.

Si kwamba Kimathi amesahauliwa. Sanamu yake ilisimamishwa katikati ya Nairobi mwaka wa 2007, na chuo kikuu cha Nyeri kilichopata hati yake mwaka wa 2012 kina jina lake. Mwaka wa 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Lakini sanamu si kaburi, na wazee wa Kikuyu wanajua tofauti yake.

Hapana haja ya kuliondolea heshima kaburi moja ili kulitukuza jingine. Mzee wa maskauti aliwafundisha vijana wengi uaminifu na huduma, na kaburi lake huwaletea wenye maduka wa Nyeri wageni na riziki. Linalotakiwa ni kwamba mwenye kumwongoza mgeni kwenye kaburi la kwanza ajue pia kumsimulia habari za la pili, na mgeni asiondoke Nyeri akidhani kwamba mji huu ulianza siku binti mfalme alipopanda mti.

MSITU NA KESHO YAKE

Kadiri miaka ilivyopita, ndovu waliokuja bwawani waling'oa na kubambua miti iliyo karibu, mpaka mahali palipokuwa msitu mnene pakawa peupe. Zamani ndovu walikuwa wakisafiri kati ya Nyandarua na mlima Kenya, lakini mashamba na vijiji vilipoongezeka njia yao ilizibwa, wakawa wanaingia mashambani na kula mahindi ya wakulima. Wakulima nao waliingia msituni kukata miti na kuchoma makaa.

Ili kuzuia hasara za pande zote mbili, shirika la Rhino Ark, lililoanzishwa mwaka wa 1988, lilianza kujenga ua wa nyaya za umeme. Kazi hiyo ilimalizika mwaka wa 2009, na ua ukawa umeizunguka milima yote ya Nyandarua kwa urefu wa kilomita zipatazo 400. Wakulima wengi wa kando ya msitu walifurahi, maana waliweza kulala usiku pasipo kupiga madebe kufukuza ndovu. Na faida ya msitu si ya Nyeri peke yake, kwani mito itokayo Nyandarua ndiyo inayowapa watu wa Nairobi maji ya kunywa, na maji ya Chania yanayopita chini ya Outspan huingia Sagana na hatimaye Tana, mto wenye mabwawa ya umeme wa nchi.

Biashara ya wageni ni kazi isiyo na uhakika. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka wa 2020, wageni wa ng'ambo walikatika, na Treetops ikafunga milango yake. Malkia Elizabeth alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, waandishi wa dunia nzima waliutaja tena mti wa Nyeri, lakini vyumba vya Treetops vilikuwa vitupu, na bwawa lilikuwa na wanyama wasio na watazamaji. Wafanyi kazi wengi wa hoteli za Nyeri walijifunza wakati huo kwamba mshahara utegemeao ndege za kutoka Ulaya unaweza kukoma kwa siku moja, na waliokuwa na mashina machache ya chai au kahawa nyumbani waliyashukuru.

Kwa hiyo wenye kuutakia mema mji huo wanapaswa kuwatazamia pia wageni wa nchini. Mtoto wa shule wa Mombasa au wa Kisumu anayeletwa Nyeri kwa basi aonyeshwe Paxtu, aonyeshwe bonde la Chania, apelekwe Ruring'u na Tetu na Ihithe, aambiwe habari za mugumo kwa midomo ya wazee wa pale. Wazee hao hawatakuwapo siku zote, nao wana mengi ambayo hayajaandikwa.

Waliojenga Outspan waliita mahali hapo kituo cha kufungulia nira. Kwa miaka thelathini na mitano nira iliyofunguliwa ilikuwa ya mgeni peke yake, na mwenyeji aliendelea kuvuta. Tangu mwaka wa 1963 nyumba ni ya wenye nchi, na kazi iliyobaki ni kuitunza pamoja na msitu ulio nyuma yake. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone; na Nyeri imekwisha kuwapokea wageni wa kutosha kuweza kudai sehemu ya pili ya methali hiyo.